Folda Inayoitwa BADO

Kwenye kompyuta ya Katibu wa chama chetu cha kuzikana kuna folda inayoitwa BADO. Ndani yake mna historia fupi za marehemu, kila moja ukurasa mmoja, zimepangwa kwa alfabeti, na marehemu wote waliomo wako hai. Mwenye mashine ya kusaga yumo. Mwenyekiti wetu, mama anayeuza vitenge sokoni, yumo. Mimi nimo. Kinachokosekana ni tarehe tu, na mahali pake Katibu ameweka nukta kadhaa, kama mtu anayemwachia mgeni kiti.

Tulikuja kujua haya kwa sababu Katibu alibadilishiwa mfumo wa kompyuta. Angeachwa na ule wa zamani, tungeendelea kusalimiana naye barabarani bila kujua kwamba yeye, kwa upande wake, alishatuzika.

Ngoja nimweleze kwanza mwenyewe, maana ukianza na folda utamdhania mchawi.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Yeye huwapa marehemu mstari mmoja tu wa kuzaliwa, kisha anasonga mbele. "Kuzaliwa si kazi ya marehemu," aliwahi kuniambia. "Ni kazi ya mama yake." Ni mtu mfupi, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, na hutembea na bahasha ya kaki hata anapotumwa chumvi. Mtaa mzima hapa Mpanda unamwita Katibu, na mkewe pia anamwita Katibu. Chama kina turubai mbili, masufuria makubwa, viti vya plastiki, na yeye. Turubai zimeshabadilishwa mara kadhaa.

Kazi yake ni hii. Mtu akifa, wengine wanachimba kaburi, wengine wanapika, na Katibu anaandika historia fupi ya marehemu, anaipeleka steshenari kuchapwa, kisha anaisoma mbele ya watu. Haisomi kwa huzuni. Anaisoma kama mtu anayekabidhi mzigo uliohesabiwa.

Mimi nilikuwa naripoti habari za redio, kwa hiyo aliniita Redio. Nilipomuuliza mara ya kwanza kwa nini hapendi porojo za kwa kinyozi wakati anajua mambo ya kila mtu, alinijibu bila kusimama: "Kikiwa kwenye karatasi ni historia. Kikiwa mdomoni ni umbeya." Na kweli, humsikii akisema jambo la mtu. Ukianza kumsimulia ya jirani, anahama kiti. Ila kesho yake utamwona anapita kwa yule jirani kuuliza jambo dogo lisilo na maana.

Hayo maswali yake madogo ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Hakuwahi kumuuliza mtu jambo moja kwa moja. Nilimsikia siku moja kwenye foleni ya kusaga akimuuliza mama mmoja, "Hivi mlipohamia hapa, yule mtoto wako wa pili alikuwa ameshaota meno?" Mama akacheka, akasema alikuwa nayo mawili ya chini. Katibu akashukuru, akaondoka na unga wake. Kwa jibu lile alikuwa ameshajua mwaka wa kuhama, mpangilio wa watoto, na kama mtoto wa pili alizaliwa kwenye ndoa hii au ile ya kwanza. Mimi nimekula mshahara wa kuhoji watu miaka mingi, na sijawahi kupata habari tatu kwa swali moja la meno.

Masika moja alikodi bodaboda mpaka Mwese, akarudi jioni na tope masikioni. Alikuwa amekwenda kuhakikisha kama ndoa ya kwanza ya fundi baiskeli wa mtaa wetu ilifungwa kanisani. Haikufungwa kanisani, akafuta neno moja. Fundi baiskeli mwenyewe alikuwa mzima kabisa, na ndiye aliyemwona akishuka kwenye pikipiki.

"Katibu, na tope hilo unatoka wapi?"

"Kwenye mambo yako."

Fundi baiskeli alicheka sana. Alikuja kuacha kucheka baadaye.

Usidhani basi kwamba kila alichosoma Katibu kilikuwa kweli. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuanza na ukurasa mtupu. "Ukurasa mweupe unatisha," alisema mtu huyu aliyeishi kwa kuandika vifo. Alichofanya ni kufungua historia ya marehemu wa mwisho, kuipa jina jipya, kisha kufuta ya yule na kujaza ya huyu. Kwa njia hiyo marehemu wetu wote wametokana na marehemu mmoja wa kwanza, ambaye bila shaka alikuwa mcheshi na mpenda michezo, maana tangu hapo kila mtu anayezikwa mtaani kwetu ni mcheshi na mpenda michezo. Tulimzika mlinzi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake. Katibu alipofika kwenye "mcheshi", watu wakatazamana, mmoja akaguna, na mara makaburi mazima yakacheka, mjane akiwa katikati. Katibu akasubiri watulie. "Si mmeona," akasema. "Amechekesha." Siku nyingine, msibani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, alibakiza neno moja tu amwingize marehemu kwenye kwaya ya kanisa. Mwenyekiti alimwokoa kwa kikohozi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa chumba cha mbele nyumbani kwake, monita ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mkewe alifuma cha meza, cha redio na cha kompyuta, na cha kompyuta ndicho kilichofuliwa kila Jumamosi. Mtu huyu, ambaye kifo hakikumtisha kwa lolote, aliogopa kuizima. Hakuwahi kubonyeza palipoandikwa zima. Aliiacha iwake mpaka umeme ukatike wenyewe, na katika mtaa wetu hakuhitaji kusubiri sana.

Mfumo uliokuwamo ulikuwa wa zamani, umeshaachwa hata na waliouunda. Kila flashi ya mjini ilipita pale na kuacha uchafu wake. Katibu aliyavumilia hayo kama mtu anavyovumilia goti linalouma, mpaka ulipofika msiba wa mama muuza maandazi.

Mama yule alikuwa amelisha mtaa asubuhi zote. Wanawe walitoka Karema, wamesafiri kutwa kuja kumzika. Katibu aliandika, akaweka kwenye flashi, akaenda steshenari, na pale flashi ikafunguka bila kitu. Virusi vilikuwa vimegeuza kila folda kuwa njia ya mkato isiyokwenda popote. Alirudi nyumbani akakuta kompyuta imezimika na haiwaki. Makaburini, mchungaji akamwita. Sote tulijua anayo yote kichwani. Alisimama, akafungua bahasha ya kaki, akachungulia ndani, akaifunga.

"Sina karatasi," akasema, akakaa.

Muuza maandazi alizikwa bila historia. Mwanawe mkubwa alimwangalia Katibu kwa muda ambao sisi wengine tulitumia kuangalia viatu.

Katika kikao kilichofuata, Mwenyekiti hakuzunguka. "Katibu, tunakuheshimu. Lakini mtu hawezi kufukiwa kimyakimya kama tumemwiba. Hiyo mashine iwekwe mfumo mwingine kabla ya mkutano mkuu, na wewe uujue. Usipoujua, tutatafuta mtu mwingine wa kukaa nayo." Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Katibu akifungua kifungo cha shingoni.

Ikabidi aitwe Fundi, dada anayetengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda karibu na stendi. Aliiwasha kwa shida, akaisikiliza inavyonguruma, akatikisa kichwa.

"Katibu, mfumo huu umezeeka. Hauletewi marekebisho tena."

"Na mimi je? Mimi naletewa?"

"Wewe una mke. Huu umeachwa."

Alipendekeza mfumo wa bure, usiosumbua mashine kuukuu. Alama yake ni pengwini, ndege ambaye hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kukutana naye, kwa hiyo kwetu unaitwa mfumo wa bata mpaka leo. Fundi alinakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya pembeni. Kwa muda wote ambao kompyuta ilikuwa inafutwa na kuwekewa bata, Katibu alikaa ameshika ile diski kwa mikono miwili, kama aliyeachiwa mtoto wa jirani. Fundi aliona jina BADO akadhani ni kazi ambazo hazijamalizika. Hakukosea.

Kisha masomo yakaanza, kila siku baada ya chakula cha mchana. Katibu alinunua daftari, akagawa kurasa kwa rula: upande huu ZAMANI, upande huu SASA. Zamani, kitufe cha kuanzia chini kushoto. Sasa, juu kushoto.

"Umeng'oa mlango wa mbele ukaupeleka jikoni," akamwambia Fundi.

"Nyumba ni ileile, Katibu. Utazoea kuingilia jikoni."

Fundi alikuwa amemwekea maneno yote ya kwenye skrini kwa Kiswahili, akidhani anamrahisishia. Siku ya pili Katibu akamsihi ayaondoe. "Hicho Kiswahili kimeandikwa na nani? Nirudishie Kiingereza. Kile nilikuwa nimeshakizoea bila kukijua."

Tatizo kubwa lilikuwa kidole. Mfumo mpya Fundi aliuseti ufungue faili kwa kubonyeza mara moja. Katibu alikuwa amebonyeza mara mbili maisha yake yote, na kwa nguvu, kwa hiyo kila alichofungua kilifunguka mara mbili. Skrini ilijaa marehemu wawili wawili.

"Mara moja, Katibu. Hupigilii msumari."

"Nimebonyeza mara moja."

"Mara moja, halafu nyingine."

Somo la kuzima liliachwa mwisho. Fundi akamweleza kwamba kuiacha izimwe na umeme ndiko kulikoiua siku ya msiba, na kwamba lazima aizime mwenyewe, kila siku. Nilikuwepo. Alipeleka kishale palipotakiwa, akafumba macho, akabonyeza. Kesho yake alfajiri aligonga mlango wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila msiba, nikatoka nikiwa nimeshaanza kuhesabu wagonjwa ninaowajua.

"Redio," akasema, "imeamka. Na kila kitu kipo."

Jambo moja Fundi alisahau kumwambia. Programu mpya ya kuandikia, ukiifungua, inakuonyesha kwanza picha ndogondogo za kazi ulizofungua karibuni. Ile ya zamani haikuwa hivyo. Katibu mwenyewe aliziona hizo picha akadhani ni mapambo.

Wiki hiyo mwenye mashine ya kusaga alikuja kuandikiwa barua ya posa ya kijana wake. Huyu mwenye mashine ni mzee mnene, mwenye unga kwenye nyusi siku zote, aliyeingia nchi hii akitokea Burundi akiwa kijana. Yaliyofuata nimeyasikia kwake na kwa Katibu, kila mmoja peke yake, na yanalingana. Alivuta kiti karibu na skrini.

"Ule si ndio mimi?"

"Wapi?"

"Pale. Jina langu. Mbele yake umeandika marehemu."

Katibu akatazama.

"Sasa wewe Katibu, mimi nimekufa lini?"

"Hujafa. Soma jina la folda, hapo juu."

"BADO."

"Basi. Bado."

Mwenye mashine akaamuru ifunguliwe. Ikafunguka mara mbili. Akaisoma kwa kidole mpaka chini, akarudi katikati, akasoma tena. Kisha akasema, "Ukurasa mmoja tu?"

"Kila mtu ukurasa mmoja."

"Na mashine yangu mstari mmoja? Mashine iliyosaga uji wako?"

Barua ya posa iliandikwa siku hiyohiyo, na upande wa pili walikubali. Lakini mwenye mashine alitoka pale na habari mbili, na hakuanza na ya posa.

Mtaa ukachemka. Wengine walisema ni uchuro, kumwandika mtu aliye hai kunamwitia kifo. Fundi baiskeli aliunganisha mambo, akakumbuka tope la Mwese, akaacha kuitikia salamu. Lakini kwa kila mmoja aliyetaka folda ifutwe, kulikuwa na mwingine aliyekuja kwa mlango wa nyuma kutaka kujua ameandikwa vipi. Mama mmoja alimpelekea orodha ya watoto wake kwa mpangilio anaoupendelea. Mzee mmoja aliomba aondolewe mke. Katibu aliwarudisha wote. "Ningewauliza mapema mngedanganya," akasema. "Na nikisubiri mfe, wanatoka ndugu Mwese na Karema wakagombana mbele ya maiti nani alizaliwa kwanza, na umeme haupo." Huo ndio ulikuwa utetezi wake wote.

Kufikia mkutano mkuu hoja zilikuwa mbili, na Mwenyekiti alizitaja akiwa amesimama chini ya turubai za chama. Kama Katibu anaujua mfumo mpya au haujui. Na kama ile folda ifutwe. Kompyuta ililetwa kwa toroli, imefunikwa kitambaa chake, ikavutiwa umeme kutoka nyumba ya jirani. Katibu aliiwasha, akaandika mistari miwili, akahifadhi, akafunga, akafungua tena. Yote mara moja moja. Fundi, nyuma kabisa, alikuwa anahesabu kwa midomo kila Katibu alipobonyeza.

"Anaujua," akasema Mwenyekiti. "Sasa la pili."

"Aifute hapahapa tuone," akasema fundi baiskeli.

Katibu akapeleka kishale kwenye BADO. Akabonyeza upande wa kulia, ikatoka orodha ndefu, akashuka nayo mpaka kwenye neno la kufuta. Akaacha mkono pale.

"Zamani nisingejua pa kubonyeza," akasema. "Sasa najua. Semeni tu."

Nilikuwa karibu, na niliona kwamba alikuwa ameinua kidole kabisa kutoka kwenye mausi, asije akabonyeza mara mbili.

Mwenye mashine akasimama. Wote tulijua ndiye mwenye kesi, tukasubiri aseme ifutwe.

"Nyie mnanijua," akaanza. "Niliingia nchi hii nimembeba mdogo wangu mgongoni. Hakufika. Tulimzika njiani, kando ya kijito. Watoto wangu sijawahi kuwaambia." Watoto wake wawili walikuwa wamekaa mstari wa tatu. "Jina la kile kijito nilimtajia Katibu zamani, siku mashine imekatika mkanda, tunasubiri fundi. Sikumbuki hata kumtajia. Na jina lenyewe lilishanitoka. Nimelikuta mle."

Akajifuta nyusi, unga ukaanguka.

"Ikae. Ila mashine yangu aiongezee mistari miwili."

"Mmoja," akasema Katibu.

Ikaamuliwa kwamba folda ibaki, iwekwe paswedi, na kila mtu aruhusiwe kusoma yake tu, siku moja, bila kugusa kitu. Katibu akabaki Katibu. Fundi baiskeli alikwenda kusoma yake siku ya kwanza, akatoka, akasema iko sawa, na salamu zikarudi. Mwenyekiti alisoma yake kwa kusimama, kama mtu anayepima kitenge. Hata wana wa muuza maandazi walipelekewa karatasi yao, imeandikwa upya na kusainiwa, nayo ilisema mama yao alikuwa mcheshi, na mara hiyo ilikuwa kweli.

Mimi tu sijasoma. Si kwamba sikuomba. "Wewe ukisoma utaihariri," aliniambia. "Waandishi hamna shukrani."

Juma lililopita nilipita kwake kumsalimia. Macho yameanza kumsumbua, ameyakuza maandishi ya kwenye skrini mpaka neno moja linajaza nusu ya mstari. Alikuwa na jambo la kunionyesha, alilojigundulia mwenyewe bila Fundi. Mafaili yanaweza kupangwa kama orodha, na mbele ya kila faili ikaonekana siku na saa lilipobadilishwa mwisho. Alijivunia kama aliyechimba kisima. Akaingiza paswedi huku ameniwekea mgongo, akaifungua BADO, na hapo ikasikika hodi. Akatoka kuzungumza na mgeni barazani.

Sikugusa kitu. Kufungua faili ni kuvunja uamuzi wa mkutano, na nilikuwepo ulipopitishwa. Lakini orodha ilikuwa wazi, na kwa maandishi makubwa kiasi kile ningeisoma nikiwa barabarani. Majina yote hayajaguswa tangu siku za mkutano mkuu. Yote, isipokuwa moja. Langu lilikuwa limebadilishwa Jumanne ya juma hilohilo, saa tatu asubuhi.

Aliporudi aliona macho yangu yalipo.

"Katibu, umeniongezea nini?"

"Nani kakuambia nimeongeza?"

Akapeleka kishale kwenye kuzima, akabonyeza mara moja, macho wazi. Akasubiri mpaka skrini iwe nyeusi, akaitandikia kitambaa chake na kukinyoosha pembe zote nne.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kukumbuka Jumatatu yangu, siku moja kabla hajaigusa. Nilikwenda Sitalike na kurudi. Nilikula mihogo njiani. Nilimjibu mtu mmoja vibaya kwenye simu, kisha nikampigia tena kumwomba radhi, hakupokea. Zaidi ya hayo sikumbuki kitu chochote cha kuandikwa, wala cha kufutwa.